Virunga Jijini Nairobi: Jina, Lugha na Albamu ya Kwanza ya Samba Mapangala

Msafiri aelekeaye kaskazini kutoka Goma huuacha mlima Nyiragongo upande wa kushoto na Mikeno upande wa kulia kabla ya kuwasili Rutshuru na Kiwanja. Milima hiyo ya volkeno, ambayo mikubwa ni minane, ndiyo Virunga. Asili ya jina haina utata. Katika Kinyarwanda na Kinyabwisha, ikirunga ni mlima wa volkeno, na ibirunga ni wingi wake. Msemaji wa Kiswahili hulipokea neno hilo bila taabu, kwa kuwa linaingia moja kwa moja katika ngeli ya KI-VI, kama neno kiwanja litoavyo viwanja. Mwaka 1981 jina hili la milimani lilipata makao mapya: mwimbaji Samba Mapangala aliliita kundi lake Orchestre Virunga, mjini Nairobi.

Mapangala si mzaliwa wa mashariki. Alizaliwa Matadi, bandari iliyo magharibi kabisa mwa Kongo, na kundi alilokuja nalo Afrika Mashariki liliitwa Les Kinois, yaani watu wa Kinshasa. Lilipiga muziki Uganda katikati ya miaka ya 1970, kisha likahamia Nairobi mwaka 1977. Jina la kwanza liliwaeleza wanamuziki kwa mji walikotoka. Jina la pili liliwaweka penye mpaka, mahali ambapo Kongo hukutana na Uganda na Rwanda. Badiliko hilo laweza kusomwa kama ishara ya safari ya lugha.

Albamu ya kwanza ya Virunga ilitoka mwaka 1982 kwa jina la Kiingereza, It's Disco Time. Neno Orchestre ni la Kifaransa, Virunga ni la Kibantu, na nyimbo za Mapangala huimbwa kwa Kilingala na Kiswahili. Wimbo uliovuma zaidi ni Malako. Muundo wake ni ule wa rumba ya Kongo: kwanza sauti hupokezana maneno kwa utulivu, kisha magitaa huchukua nafasi katika sebene, na wachezaji huongeza mwendo. Baadaye kampuni ya Earthworks ya London ilizisambaza nyimbo hizo Ulaya, na mwaka 1990 ikatoa mkusanyiko ulioitwa Virunga Volcano.

Umuhimu wa albamu hiyo kwa mwanaisimu unatokana na hali ya lugha nchini Kongo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, nacho husemwa na umma mkubwa wa mashariki. Hata hivyo, Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi ya ukoloni, na Kinshasa ikakifanya lugha ya muziki. Kwa hiyo mtu wa Rutshuru alizoea kucheza nyimbo za nchi yake mwenyewe kwa lugha isiyo ya soko lake wala ya nyumba yake.

Nairobi iligeuza mizani hiyo. Huko mwanamuziki wa Kongo aliyetaka kueleweka alilazimika kuimba Kiswahili. Mapangala alifuata njia hiyo zaidi na zaidi, kama majina ya Vunja Mifupa, wimbo wa miaka ya 1980, na Maisha ni Matamu, albamu ya mwaka 2011, yanavyoshuhudia.

Tangu zamani Kiswahili cha Kivu kimehesabiwa kuwa kibovu, kwa sababu msemaji wake husema iko pale ambapo sarufi sanifu hudai wapo, vipo au yapo. Lakini lugha haipewi hadhi na sarufi peke yake. Hupewa pia na wale wanaoiimba. Milima ya Virunga ilipata sifa ya muziki ugenini kabla ya lugha ya wakazi wake kupata nafasi ya haki katika muziki wa nyumbani. Atakayeandika historia ya Kiswahili cha Kongo hana budi kufungua, kando ya kamusi, santuri hizo za Nairobi.