Osileta ya fuwele yenye tanuri

Osileta ya fuwele yenye tanuri ni kifaa cha kielektroniki kinachotoa mapigo ya umeme yenye masafa thabiti kwa kutumia mtetemo wa fuwele ya kwatzi. Fuwele hiyo hufungiwa ndani ya tanuri dogo. Hutumika kuongoza saa zinazohitaji usahihi mkubwa kuliko saa za kawaida za mkononi.

Kwatzi ikibanwa hutoa umeme, na ikitiwa umeme hujipinda. Sifa ya kwanza ilionyeshwa na ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880. Saa ya kwanza ya kwatzi iliundwa na Warren Marrison na J. W. Horton katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1927. Masafa ya fuwele hubadilika kidogo joto likibadilika, na ndiyo sababu ya tanuri: hushikilia joto moja lililo juu kuliko la chumba, kwa kawaida nyuzi 70 hadi 85 za Selsiasi, kwa kuwa tanuri huweza kupasha moto tu, haliwezi kupoza.

Kuitambua

Osileta za zamani huuzwa mtumba, mara nyingi bila karatasi ya maelezo. Juu ya ganda huandikwa masafa, kwa mfano 5 MHz au 10 MHz, na pengine volti. Namba ya modeli ni muhimu zaidi, maana watengenezaji hawakupanga miguu kwa namna moja. Kukisia volti au kugeuza chanya na hasi huweza kuiunguza, na fuwele ya namna hiyo si rahisi kuipata tena. Mguu ulioungana na ganda la chuma kwa kawaida ni hasi. Inapowashwa kwa chanzo chenye kikomo cha mkondo, yenye tanuri zima huvuta mkondo mkubwa, kisha baada ya dakika kadhaa mkondo hushuka na kutulia.

Kuirekebisha

Marekebisho hufanywa kwa skrubu iliyo chini ya kizibo kidogo, au kwa volti ya udhibiti kwenye mguu maalumu. Iachwe ikiwaka siku kadhaa kwanza. Iliyokaa kabatini miaka mingi huendelea kuhama hata baada ya tanuri kupata moto.

Kihesabu masafa cha bei nafuu hakifai, kwani nacho huongozwa na fuwele, pengine mbovu kuliko hii inayopimwa. Kipimo kinachofaa ni kipokezi cha GPS chenye kutoa 10 MHz. Mawimbi yote mawili huonyeshwa kwenye osiloskopu, ile ya GPS ikiwa ndiyo inayoanzisha mchoro. Wimbi la osileta likisogea kulia, liko nyuma; likisogea kushoto, liko mbele.

Osileta ya 10 MHz ikikosea kwa Hz 1, saa hupotea takriban sekunde 3 kwa mwaka. Wimbi likichukua sekunde 100 kusogea mzunguko mmoja, kosa ni Hz 0.01, yaani sekunde 0.03 hivi kwa mwaka.