Utunzaji wa Betri za Chama: Maji, Chaji na Daftari

Katika chama cha msingi kila shilingi inayotoka katika hazina huandikiwa hati ya malipo, na kila gunia linaloingia ghalani huandikiwa stakabadhi. Hata hivyo ipo mali moja ya wanachama ambayo aghalabu hukaa nyuma ya mlango wa ofisi bila daftari lolote. Mali hiyo ni betri za umeme wa jua. Hununuliwa kwa fedha nyingi zilizotokana na makato ya mazao, hufungwa na fundi siku moja, na baada ya hapo hakuna anayezitazama mpaka siku zitakapozima. Kwa kawaida huzima siku ya kupima mazao, kwa kuwa siku hiyo ndiyo yenye matumizi makubwa ya umeme. Mizani ya kidijitali hunyamaza, kompyuta haifunguki, na wakulima waliotoka mbali na mizigo yao hurudi nyumbani wakiulizana fedha zao zilikwenda wapi.

Betri nzuri ikitunzwa yaweza kufanya kazi miaka mitano au zaidi. Isipotunzwa yaweza kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Tofauti hiyo ni hasara ya wanachama, nayo yaweza kuepukwa kwa nusu saa ya kazi kila mwezi na kwa daftari moja la shule.

BETRI NI KITU GANI

Betri inayozungumzwa hapa ni ile ya risasi na tindikali, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna sahani za risasi zilizozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Kila chumba kimoja cha betri huitwa seli, na kila seli hutoa umeme wa volti 2 hivi. Kwa hiyo betri ya volti 6 ina seli 3, na ya volti 12 ina seli 6.

Umeme unapotumika, tindikali huingia katika sahani na kufanya kitu kiitwacho salfeti ya risasi, na majimaji yanayobaki huwa mepesi. Betri inapochajiwa, tindikali hutoka tena katika sahani na kurudi katika majimaji. Lakini betri ikiachwa siku nyingi bila kujazwa chaji, salfeti ile huganda na kuwa ngumu kama chumvi iliyoshikana chunguni, wala chaji ya kawaida haiwezi kuiondoa. Sehemu ya sahani iliyoganda hivyo haifanyi kazi tena.

Yafaa pia ieleweke kwamba betri si zote za kazi moja. Betri ya gari ina sahani nyembamba, nayo hutengenezwa ili itoe umeme mwingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini. Betri ya kazi ya kutwa ina sahani nene ili itoe umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Mfano wa betri za kazi ya kutwa ni zile zinazoendesha vigari vidogo vya umeme katika viwanja vya gofu: kigari cha volti 36 hubeba betri sita za volti 6. Betri za namna hiyo zafaa sana kwa umeme wa jua wa ofisi na ghala. Chama kinachonunua betri ya gari kwa sababu bei yake ni nafuu hulazimika kununua nyingine mapema.

Maelezo ya maji yanayofuata yanahusu betri zenye vifuniko vinavyofunguka. Betri zilizozibwa kiwandani zisifunguliwe wala zisiongezwe kitu chochote.

MAJI

Betri inapochajiwa, sehemu ya maji yake hugeuka kuwa gesi na kupotea hewani. Tindikali haipotei hivyo, hubaki ndani. Ndiyo maana kinachoongezwa ni maji tu. Anayeongeza tindikali katika betri iliyopungua maji huikaza kupita kiasi, na sahani huliwa.

Hapa pana kosa linalotokea mara nyingi. Madukani watu huomba "maji ya betri", na jina hilo wengine hulitumia kwa maji yaliyokenekwa, na wengine kwa tindikali yenyewe. Katibu anayemtuma mtu dukani hana budi kumwandikia wazi: maji yaliyokenekwa, si tindikali. Chupa ikifika, isomwe kabla ya kufunguliwa.

Maji ya bomba, ya kisima na ya mto hayafai, kwa sababu yana chumvi na madini yanayoharibu sahani. Kuyachemsha hakusaidii, moto huua vijidudu lakini hauondoi chumvi. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati nayo yana uchafu na yaepukwe. Maji yaliyokenekwa yahifadhiwe katika chombo safi cha plastiki au kioo chenye kifuniko, kamwe si katika debe la chuma.

Kiwango cha maji kitazamwe kila mwezi, na katika sehemu za joto kali kila baada ya wiki mbili. Utaratibu ni huu:

1. Betri ijazwe chaji kwanza, kwa maana majimaji hupanda wakati wa kuchaji. Ikijazwa maji kabla ya chaji, hufurika na kumwaga tindikali.

2. Ikiwa sahani zimeonekana wazi juu ya majimaji, yaongezwe maji ya kuzifunika tu, kisha betri ichajiwe, halafu imaliziwe kujazwa.

3. Maji yajazwe mpaka karibu na sehemu ya chini ya shingo ya tundu, yakibakiza nafasi ya milimita 3 hivi. Yasijazwe mpaka juu.

4. Kila seli itazamwe peke yake. Seli moja kujaa si ushahidi kwamba nyingine zimejaa.

CHAJI

Betri haipendi kutumiwa mpaka ikauka. Kanuni njema ni kutotumia zaidi ya nusu ya umeme uliomo, na kuirudisha ijae mapema iwezekanavyo. Tuchukue mfano wa chama chenye betri mbili za volti 6, kila moja ya ampea-saa 225, zilizounganishwa ili kutoa volti 12. Umeme uliomo ni 12 mara 225, yaani wati-saa 2,700. Nusu yake ni wati-saa 1,350. Hiyo ndiyo akiba ya chama kwa usiku mmoja au kwa siku ya mawingu.

Matumizi ya chama chenyewe si makubwa. Taa 4 za wati 10 zikiwaka saa 4 hutumia wati-saa 160. Kompyuta ndogo ya wati 50 ikifanya kazi saa 6 hutumia 300. Simu 10 zikichajiwa hutumia kama 100. Mizani ya kidijitali hutumia kidogo sana. Jumla ni wati-saa 560 hivi, na betri inabaki na nguvu. Lakini ikiongezwa televisheni ya wati 80 kwa saa 5, ni 400 zaidi. Ikiongezwa friji ya soda inayotumia wati-saa 900 kwa siku, jumla hufika 1,860. Hapo nusu imekwisha kupitwa, na kila siku inayorudiwa hivyo hupunguza maisha ya betri. Bodi inayoruhusu friji ofisini yapaswa kufanya hesabu hii mbele ya wanachama kabla ya kuiruhusu, iwe friji hiyo ni ya chama au ya kiongozi.

Hali ya chaji hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa mita ya volti, asubuhi na mapema kabla jua halijapiga paneli, na vitu vyote vikiwa vimezimwa kwa saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha 12.6 hadi 12.7. Ikionyesha 12.2 imefika kama nusu. Ikiwa chini ya 12.0 matumizi yapunguzwe siku hiyo hiyo.

Njia ya pili, iliyo bora zaidi, ni haidromita, yaani bomba la kioo lenye chelezo linalopima uzito wa majimaji ya kila seli. Seli iliyojaa huonyesha karibu 1.265, iliyofika nusu huonyesha karibu 1.190 hadi 1.200. Betri zilizoandaliwa kwa nchi za joto huweza kuwa na tindikali nyepesi kidogo, kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza, betri ikiwa mpya na imejaa, kiandikwe ili kiwe cha kulinganishia. Kipimo hiki kifanywe kabla ya kuongeza maji, kwa sababu maji mapya hukaa juu na kudanganya. Seli moja ikipungukiwa na wenzake kwa 0.050 au zaidi, ni dalili ya ugonjwa, na fundi aitwe. Mara nyingine chaji ya kusawazisha, iliyowekwa katika kidhibiti chaji kwa kufuata maelezo ya kiwanda, huirudisha seli hiyo.

Hatari nyingine ni kufunga ofisi msimu unapokwisha. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi mauzo ya korosho huanza Oktoba, na baada ya msimu ofisi nyingine hupungukiwa na kazi. Betri isiyotumika hupoteza chaji yenyewe polepole, na salfeti huganda. Kwa hiyo paneli zisifunguliwe wala swichi ya kuchaji isizimwe. Vumbi lifutwe juu ya paneli, na mtu aendelee kutazama maji hata ghala likiwa tupu.

USAFI NA USALAMA

Juu ya betri pawe safi na pakavu. Uchafu na unyevu hupitisha umeme taratibu na kuimaliza betri. Unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye nguzo zake uoshwe kwa maji yaliyokorogewa magadi, yale yanayotumika kulainishia maharage, vifuniko vikiwa vimefungwa barabara ili magadi yasiingie ndani. Kisha nguzo zikaushwe, nati zikazwe, na zipakwe grisi au mafuta ya mgando. Anayefungua nyaya azime matumizi yote na kuzima upande wa paneli, aanze kufungua waya hasi, na wakati wa kurudisha aufunge huo mwisho.

Gesi inayotoka wakati wa kuchaji ni haidrojeni na oksijeni, nayo hulipuka kwa cheche ndogo. Chumba kiwe na matundu ya hewa juu, na pasiwe na sigara, kibatari wala kiberiti. Pete na saa zivuliwe. Miwani ya kukinga macho na glovu za mpira zivaliwe. Tindikali ikimwagikia jicho, lioshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Magadi yasitiwe jichoni.

DAFTARI

Mambo yote yaliyoelezwa hayawezi kudumu iwapo kazi ni ya kila mtu, kwa kuwa kazi ya kila mtu mwishowe haina mwenyewe. Bodi imteue mtu mmoja kwa jina, ama katibu ama mtunza ghala, na uteuzi huo uandikwe katika muhtasari wa kikao. Mtu huyo apewe daftari lenye nafasi hizi: tarehe, volti za asubuhi, kipimo cha haidromita kwa kila seli, kiasi cha maji kilichoongezwa kwa kila seli, jambo lililoonekana, na sahihi yake.

Daftari hilo lina faida tatu. Kwanza, huonyesha ugonjwa mapema: seli inayokunywa maji kuliko wenzake hujulikana kabla haijaangusha betri nzima. Pili, betri ikiharibika ndani ya muda wa dhamana, chama huenda kwa muuzaji kikiwa na ushahidi mkononi. Tatu, katibu anapobadilishwa, mrithi wake hupokea betri pamoja na historia yake. Daftari liingizwe katika orodha ya makabidhiano pamoja na vitabu vya fedha, na betri ziandikwe katika rejesta ya mali pamoja na tarehe ya kununuliwa.

Zinapofika mwisho, betri zote za kundi moja zibadilishwe pamoja. Betri mpya ikifungwa na kuukuu, ile kuukuu huivuta mpya ichakae upesi. Betri kuukuu zisivunjwe wala risasi yake isiyeyushwe kijijini. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, na sumu ya risasi ikakutwa katika damu za wakazi, wakiwamo watoto. Phyllis Omido, mama aliyeongoza madai ya wakazi hao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Betri ziuzwe nzima kwa mnunuzi mwenye kibali, na fedha ziingizwe katika hazina kwa stakabadhi.

Katika mkutano mkuu ujao, mwanachama ana haki ya kuuliza maswali matatu: Betri zetu zilinunuliwa lini? Nani amekabidhiwa? Daftari lake liko wapi? Chama chenye majibu ya maswali hayo hakitazimikiwa na mizani mbele ya wakulima wake.