Sindano za ndege za zamani, kabla hazijayeyushwa kuwa sufuria

Lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege ya Goma tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Kwa miaka mingi baadaye, msafiri aliyetua pale aliona ndege za aina mbili: zile zinazoruka, na zile zilizolala pembeni, Boeing 707 na 727, bila moteri, bila vioo. Watoto walipanda juu ya mabawa wakacheza upiloti. Wakubwa walikuja na nyundo na msumeno, juu alumini iko na bei.

Alumini ya namna hiyo, mwisho wake tunaujua hapa Bukavu: inayeyushwa, inamwagwa katika mchanga, kesho yake ni sufuria sokoni. Hakuna ubaya. Lakini ndani ya ndege hizo, mbele kabisa, pale piloti anapokaa, kuna kitu ambacho kwa kilo hakina maana na kwa kipande kina thamani: tablo ya kadrani. Ulaya na Marekani wako watu wanaotafuta tablo hizo kama dhahabu. Wanazitosha katika ndege zilizokufa, wanazifungia nyumbani, wanaziunganisha na kompyuta, na kompyuta inafanya kama vile ndege iko hewani.

Boeing 727 inapendwa na watu wa kazi hiyo, na sababu yake inaeleweka. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1963, zikatengenezwa 1,832 mpaka 1984. Ilikuwa na watu watatu mbele: piloti, msaidizi wake, na fundi wa ndani ya ndege aliyekaa akiangalia ukuta mzima wa sindano na butoni za mafuta, za kuranti, za hewa. Ndege za leo kazi ya huyo mtu wa tatu imefanywa na kompyuta, na sindano zimekuwa picha juu ya ekra. Kwa kijana anayetaka kuelewa namna ndege inavyofanya kazi, ukuta ule wa zamani unafundisha zaidi. Kila sindano ni swali moja na jibu lake.

Sasa, kazi yenyewe. Fundi wa redio wa Kadutu ataielewa haraka kuliko anavyofikiri, lakini kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kuranti. Kuranti inayokuja nyumbani kwetu kutoka Ruzizi ni voliti 220, mara 50 kwa sekunde. Ndege inatumia voliti 115 inayogeuka mara 400 kwa sekunde, pamoja na voliti 28 ya moja kwa moja kama ya bateri. Sababu ya 400 ni uzito: kuranti ikigeuka haraka, transfoma na moteri zinakuwa ndogo, na katika ndege kila kilo inalipiwa. Ukichukua kadrani ya Boeing ukaifunga kwenye ukuta wa nyumba, utapata moshi, basi. Ampuli za tablo nazo zinakula kuranti mingi na kutoa joto. Karibu kila mtu anazitosha na kuweka taa ndogo za LED. Hapo ukipata bateri moja na paneli ya jua, kukatika kwa kuranti hakukusumbui tena.

Mtego wa pili ni ndani ya kadrani. Nyingi za zamani zinaendeshwa na kitu kinachoitwa sinkro: moteri kidogo yenye fili tatu, ambayo haizunguki ovyo bali inafuata pembe ya mwenzake aliye mbali, kule kwenye moteri kubwa au kwenye tanki. Kuna njia mbili. Wengi wanafungua kadrani, wanatupa vya ndani vyote, wanaweka moteri ndogo ya hatua na kadi ya Arduino, kazi imeisha. Wengine wanaacha sinkro mahali pake na kutengeneza kadi inayotoa mawimbi matatu ili kuidanganya. Mimi niko upande wa hawa wa pili. Sinkro nzima ni kazi ya mikono ya watu waliojua wanachofanya, na ukishaitupa haitarudi. Lakini kama imeoza kwa mvua ya miaka kumi, itupe bila huruma.

Kadrani ya urefu, ile inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani, ni habari nyingine. Haitumii kuranti kupima. Ndani yake mna vibweta vyembamba vya chuma vilivyofungwa, vinavyovimba hewa ikipungua. Iweke juu ya meza hapa Bukavu, uiwekee kipimo cha 1013, na sindano itasimama karibu na futi 5,000 bila kuunganishwa na kitu chochote, kwa sababu mji wetu kweli uko juu hivyo. Ukiona hivyo, jua kadrani iko hai. Lakini ili ifuate ndege ya kompyuta, sharti vibweta vitoke na moteri ndogo iingie.

Mtego wa tatu ni fili. Anayekuja na msumeno anakata tablo karibu kabisa, anaacha plagi ndani ya mzoga. Makosa makubwa. Plagi za ndege ni ghali, na kuzipata ni taabu. Kata fili ukiacha sentimita 20 au zaidi, kisha kaa na daftari na kipimo, uandike fili kwa fili inaelekea wapi, kabla ya kusudera chochote. Ni kazi ya wiki nzima na inachosha, hakuna njia ya mkato. Programu zenyewe si tatizo: FlightGear ni ya bure, X-Plane na ile ya Microsoft zinalipiwa.

Kuna watakaosema huu ni mchezo wa matajiri. Wakumbuke Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda kule Binghamton, Marekani. Mwaka 1929 kijana akachukua mivuo ya kinanda, akaifungia chini ya sanduku lenye mabawa mafupi, sanduku likaanza kuinama na kugeuka kama ndege. Watu walilichukua kama mchezo wa sikukuu. Halafu jeshi likalinunua, na wakati wa vita ya pili ya dunia mapiloti kwa maelfu walijifunza ndani yake kuruka bila kuona nje. Simulatere kubwa za Ethiopian Airlines kule Addis Ababa, zinazocheza juu ya miguu yao, ni wajukuu wa sanduku hilo.

Ukweli mmoja lakini usifichwe: saa unazokaa mbele ya tablo ya nyumbani hazihesabiwi kwa leseni. Simulatere ya kuhesabiwa sharti ikubaliwe na serikali. Tablo ya zamani inakufundisha kusoma sindano, kufuata orodha ya ukaguzi na kutochanganyikiwa taa nyekundu ikiwaka. Hiyo si kidogo, lakini hiyo tu.

Na kuna hatari iliyo kubwa kuliko moshi. Kipande kilichotoka katika mzoga kinaweza kusafishwa, kupakwa rangi na kurudishwa ndani ya ndege inayobeba watu. Tarehe 8 mwezi wa kenda 1989, Convair 580 iliyotoka Oslo ilianguka baharini karibu na Denmark, watu wote 55 wakafa. Wachunguzi walikuta katika mkia bolti zisizo za kweli. Sisi wa Kivu, ambao kwetu ndege mara nyingi imekuwa njia pekee ya kufika Kinshasa, hatuna haki ya kucheza na jambo hilo. Ndiyo maana wajuzi wa kazi hii wanachora kwa msumari mgongoni mwa kila kadrani kwamba haifai tena kuruka, na wanaharibu namba yake. Asiyefanya hivyo, usimuuzie wala usinunue kwake.

Pia kadrani za miaka ya 1950 na kurudi nyuma, zenye tarakimu za rangi ya kahawia zilizowahi kung'aa gizani, mara nyingine zimepakwa radiamu. Kung'aa kunaisha, sumu inabaki. Hizo usizifungue, usizikwaruze, na mtoto asizishike.

Kazi ikiisha, majaribio ni rahisi. Andika FZMA katika programu, hiyo ndiyo Kavumu, uweke ndege isimame mwanzo wa njia, moteri zimezimwa, kipimo cha hewa kiko sawa. Sindano ya urefu sharti isome futi 5,643. Ikisoma kitu kingine, rudi kwenye daftari.