Chombo Kikilala Mchangani

Oya wana wa Rasbura, leo tuongelee ule mweleka ambao kijiweni hausimuliwi. Wa kasi, kule kwenye mkeka wa kwenda Mingoyo, tunauogopa wote na tuna haki. Ila kinachotafuna mkwanja wa dereva boda hapa Lindi kimya kimya ni chombo kulala kikiwa karibu kimesimama: unageuza uchochoroni, unapakia abiria, unaegesha dukani.

Mchuma ukiwa kwenye mwendo, magurudumu yenyewe yanausaidia kusimama wima. Mwendo ukishuka mpaka ule wa mtu anayetembea, kazi yote inabaki kwako, na hizi Boxer na TVS zinapita kilo 100 hata kabla abiria hajakaa na ndoo yake ya samaki. Sasa toka kwenye lami, ingia mchanga wetu wa pwani, usukani umekata kona, halafu bana breki ya mbele. Tairi inazama, usukani unajikunja, mwanangu ushalala. Hapo tumia breki ya mguu, klachi iachie kidogo kidogo, macho yaende unakoelekea. Ukiitazama tairi, unaifuata chini.

Abiria naye anataka heshima yake. Mama kajifunga khanga, atakaa upande na kapu kapakata, uzito wote upande mmoja. "Shikamoo mama, ngoja kwanza nikanyage vizuri." Miguu yote miwili chini, ndipo apande. Masela wanaoacha mguu mmoja juu kwa ubishoo wanamhatarisha mtu aliyewaamini.

Stendi ya pembeni nayo inazama, masika ndiyo kabisa. Weka jiwe bapa au kipande cha ubao chini yake, chombo kiwe gia namba moja.

Chombo kikianza kulala na kimeshapita nusu, kiachie, ruka pembeni. Indiketa inauzwa, goti halina duka la spea, na eksozi ya moto ikikulalia mguuni utauguza kidonda wiki kadhaa. Kikishatulia, zima swichi, funga koki ya wese, maana kabureta na kifuniko cha tangi huvuja chombo kikiwa ubavuni. Mwenye sigara asogee mbali. Kama kimelalia kulia, toa stendi ya pembeni kabla hujakiinua, kisije kikapitiliza upande wa pili. Kipe mgongo, chuchumaa, makalio yaegemee siti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria, kisha sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume hatua ndogo ndogo. Ukiinama na kukivuta kwa mikono, kiuno kitagoma. Usikimbilie kuwasha: tazama kama pedeli ya breki imepinda, kama usukani na tairi vinatazama njia moja, kama oili inadondoka.

Kinga ya maana kuliko zote ni kile chuma kinachozunguka injini. Kifungwe kwenye fremu, kiwe kipana kuliko pedeli ya gia, maana pedeli ikipinda ndiyo inayochimba kava la injini, na hapo msala unakuwa mkubwa. Kizungushie mpira wa tyubu kuukuu. Mkono wa klachi nao, bolti zake usizikaze kinoma. Ukiangukia, uzunguke tu badala ya kukatika.

Hapa nawageukia mabosi, na nasema kwa uchungu. Vijana wengi wanaendesha kwa mkataba, na hesabu ya siku haisubiri hata chombo kikiwa kwa fundi. Kava likipasuka, kijana analipa fundi, analipa hesabu, nyumbani anaenda mikono mitupu. Msimu wa korosho ukilipa, michuma mipya inamiminika mjini ikiwa na nailoni kwenye siti, chuma cha kinga hakuna. Wanangu, shikilieni hili kabla ya kusaini: chuma alipe bosi, kwa sababu injini ni yake mpaka siku mkataba unakwisha.