Uzoefu wa Wazee katika Kupokea Chanjo ya UVIKO-19 Tanzania Bara: Kumbukumbu, Sauti na Ridhaa

Ikisiri

Makala hii inafafanua uzoefu wa wazee wa Tanzania Bara katika kupokea chanjo ya UVIKO-19 kuanzia Julai 2021. Hoja yake kuu ni kwamba kusita kwa mzee mbele ya chanjo hakuelezeki ipasavyo kwa kigezo cha uelewa wa kitabibu pekee. Mzee alikuja kwenye sindano akiwa na kumbukumbu ya chanjo za zamani, akiwa amesikia sauti rasmi zikibadilika ndani ya miezi sita, na akitakiwa kutoa ridhaa katika mazingira ambayo hakuyazoea. Makala inajadili mambo hayo kwa zamu na kuonesha athari zake katika uandaaji wa maswali ya utafiti. Msingi wa mjadala ni kumbukumbu za umma na uchambuzi wa lugha.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020, mkoani Arusha. Mapema katika janga hilo ilibainika duniani kote kwamba umri mkubwa ni miongoni mwa vihatarishi vikuu vya kuugua sana na kufariki. Kwa sababu hiyo, chanjo zilipoingia nchini, wazee waliwekwa mstari wa mbele. Shehena ya kwanza, yenye zaidi ya dozi milioni 1 za Janssen, iliwasili tarehe 24 Julai, 2021 kupitia mpango wa COVAX. Siku nne baadaye, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, na kuzindua utoaji wa chanjo hiyo. Makundi yaliyopewa kipaumbele yalikuwa watumishi wa afya, watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, pamoja na watu wenye magonjwa sugu.

Licha ya kipaumbele hicho, mwitikio ulikuwa mdogo katika miezi ya mwanzo. Maelezo yaliyozoeleka kuhusu hali hiyo ni kwamba wananchi, hususani wazee wa vijijini, hawakuwa na uelewa wa kutosha na walipotoshwa na uvumi. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayajitoshelezi. Yanamchukulia mzee kama chombo kitupu kilichosubiri kujazwa taarifa, ilhali mzee ndiye aliyekuwa na historia ndefu zaidi ya kuchanjwa kuliko kundi lingine lolote katika jamii. Swali linaloongoza makala hii ni: historia hiyo ilimfanya aipokee vipi chanjo mpya?

2.0 Mzee ni Nani katika Takwimu za Chanjo?

Kabla ya kujadili uzoefu wenyewe, ni muhimu kuondoa utata wa istilahi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kipaumbele cha chanjo kilianzia miaka 50. Kwa hiyo, mtafiti anayechukua kundi la "miaka 50 na zaidi" na kuliita "wazee" anachanganya watu wa aina mbili: mwajiriwa ambaye bado yuko kazini na bibi wa miaka 80 anayelea wajukuu kijijini.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu inagawanya pia kumbukumbu. Mtu aliyekuwa na miaka 50 mwaka 2021 alizaliwa mwaka 1971. Utoto wake ulipita wakati dunia ikikamilisha kuutokomeza ugonjwa wa ndui. Aliyekuwa na miaka 70 alizaliwa mwaka 1951. Alikuwa kijana wakati kampeni ya Shirika la Afya Duniani dhidi ya ndui iliposhika kasi mwaka 1967, na mtu mzima wakati ushindi dhidi ya ugonjwa huo ulipotangazwa rasmi mwaka 1980. Wawili hao wanaweza kutoa jibu moja kwenye dodoso kwa sababu zisizofanana hata kidogo.

3.0 Kumbukumbu ya Mwili na ya Lugha

Nomino "chanjo" imetokana na kitenzi "chanja", chenye maana ya kukata au kupasua, kama katika kuchanja kuni. Katika tiba za jadi, kitenzi hichohicho hutumika katika kuchanja chale: ngozi hukatwa kidogo na dawa hupakwa penye jeraha ili mwili upate kinga au tiba. Chanjo ya ndui ililandana na picha hiyo. Ilitolewa kwa kuchoma ngozi mara kadhaa mahali pamoja, nayo iliacha kovu. Kovu hilo, ambalo wazee wengi bado wanalo begani au mkononi, ni ushahidi wa kinga unaoonekana kwa macho.

Chanjo ya UVIKO-19 haikuacha alama ya namna hiyo. Iliingia msulini kwa sindano ya kawaida, na dalili zake, kama vile maumivu ya mkono, homa, uchovu na kuumwa kichwa, zilipita baada ya siku chache. Kilichobaki kama uthibitisho kilikuwa cheti. Kwa mtu ambaye kinga katika kumbukumbu yake ni alama ya mwili, si ajabu kuuliza jinsi atakavyojua kwamba chanjo imeshika. Swali hilo lina mantiki yake, na mhudumu anayelijibu kwa kukemea uvumi anakuwa amejibu jambo ambalo hakuulizwa.

Lugha ya kila siku inatoa kidokezo kingine. Wazungumzaji wengi husema "nimechanja" kwa maana ya kupokea chanjo, ingawa kisarufi kauli ya kutendwa, "nimechanjwa", ndiyo inayotarajiwa. Katika kauli ya kwanza msemaji anajitaja kama mtenda. Katika ya pili anajitaja kama mtendwa. Tofauti hiyo peke yake haithibitishi chochote kuhusu nia ya msemaji, kwa kuwa mazoea ya usemi yana nguvu zake. Hata hivyo, katika mahojiano marefu ni vyema mtafiti achunguze iwapo msailiwa huyohuyo anatumia kauli moja anapozungumzia ndui na nyingine anapozungumzia UVIKO-19.

4.0 Sauti Zilizobadilika

Uzoefu wa chanjo hauanzii kwenye kituo cha afya. Unaanzia kwenye sauti iliyoileta habari. Wazee wa Tanzania wana mfano wa kulinganisha. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, ambapo takriban watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza. Washiriki walisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakatenda: walichimba vyoo, wakafyeka vichaka na kuondoa maji yaliyotuama. Ujumbe ulitoka serikalini, lakini ulipitia kwenye mjadala wa majirani kabla ya kuwa uamuzi wa kaya.

Katika UVIKO-19 mambo yalikwenda kwa sura nyingine. Baada ya mwisho wa Aprili 2020, utoaji wa takwimu za wagonjwa kwa umma ulisitishwa, na haukurejea hadi katikati ya mwaka 2021. Mwezi Juni 2020 Rais John Magufuli alieleza kuwa nchi imeushinda ugonjwa huo kwa maombi. Katika kipindi hicho kujifukiza, au nyungu kama wengi walivyoita, kulipewa nafasi kubwa katika mazungumzo ya umma. Tarehe 27 Januari, 2021, akiwa Chato, Rais aliitahadharisha Wizara ya Afya isikimbilie chanjo za kigeni. Alifariki mwezi Machi mwaka huo. Mrithi wake aliunda kamati ya wataalamu, ambayo mwezi Mei ilipendekeza nchi itumie chanjo, na kufikia Julai Rais mwenyewe alikuwa amekunja mkono wa nguo mbele ya kamera.

Kwa hiyo, kati ya Januari na Julai 2021, mzee alisikia kutoka kiti kilekile cha juu kabisa cha uongozi maelekezo mawili yaliyokinzana. Mtu aliyezoea kuiheshimu kauli ya kiongozi alilazimika kuamua ni kauli ipi aifuate. Kusita katika hali hiyo kunaweza kuwa utiifu kwa sauti ya kwanza, au tahadhari ya mtu anayesubiri kuona kama sauti ya pili itadumu.

Mabadiliko hayo yaligusa pia hadhi ya mzee. Wakati wa nyungu, ujuzi ulikuwa wake: alijua majani ya kuchemsha, namna ya kujifunika na muda wa kutoka. Vijana walimwendea. Wakati wa chanjo aligeuka kuwa mwanafunzi wa mambo ambayo mjukuu alimsomea kutoka kwenye simu. Aliwekwa wa kwanza kwenye foleni, lakini wa mwisho katika kuelewa kinachoandikwa. Tafiti zinazouliza kuhusu uelewa pekee haziuoni upotevu huo wa hadhi.

5.0 Ridhaa: Fomu, Familia na Mlango

Serikali ilisisitiza kwamba chanjo ni ya hiari, na mpokeaji alitakiwa kujaza fomu ya ridhaa kabla ya kuchomwa sindano. Kimaadili, utaratibu huo ni sahihi, kwani unamlinda mpokeaji na kumpa haki ya kukataa. Lakini fomu ni maandishi, na maandishi husomwa kwa kumbukumbu ya msomaji. Mzee ambaye katika chanjo za zamani alipangwa mstari bila kuulizwa anaweza kuitafsiri saini yake kwa njia mbili: kwamba sasa anaheshimiwa, au kwamba wanaompa chanjo wanajitoa katika wajibu iwapo atadhurika. Tafsiri ya pili ilipata nguvu katika mwaka ambao habari za Janssen zilikuwa zimetangulia chanjo yenyewe: mwezi Aprili 2021 Marekani ilisitisha matumizi yake kwa siku chache ili kuchunguza matukio nadra ya kuganda kwa damu, kisha ikaruhusu yaendelee.

Zaidi ya hayo, ridhaa ya mzee kwa nadra huwa ya mtu mmoja. Macho yakiwa hafifu, fomu husomwa na mwingine. Kituo kikiwa mbali, nauli ya bodaboda hutolewa na mtoto. Homa ikija usiku baada ya sindano, atakayeamka kumhudumia ni binti au mkwe. Wote hao wana sauti katika uamuzi. Chanjo ya Janssen ilipunguza sehemu ya mzigo huo kwa kuwa ilitolewa kwa dozi moja; Sinopharm, iliyofuata baadaye mwaka huo, ilihitaji dozi mbili, na hivyo safari mbili na maafikiano mawili ndani ya familia.

Mpango Shirikishi na Harakishi, ulioanza miezi michache baada ya uzinduzi, uliipeleka chanjo kwenye masoko, vituo vya mabasi na majumbani. Kwa mzee asiyeweza kutembea, hii ilikuwa nafuu kubwa. Pamoja na nafuu hiyo, mazingira ya ridhaa yalibadilika. Kituoni, mzee ndiye mgeni na anaweza kutokwenda. Nyumbani, mhudumu ndiye mgeni, na adabu inamtaka mwenyeji amkaribishe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni vigumu kumrudisha mlangoni mgeni aliyekuja na kinga, hata kama moyo bado una shaka. Idadi ya dozi zilizotolewa majumbani haiwezi kutuambia ni wangapi walikubali chanjo na ni wangapi walishindwa kumkatalia mgeni.

6.0 Athari kwa Utafiti

Kikundi cha wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kilieleza mwaka 2015 kwamba kusita kuchanjwa kunahusu mambo matatu: kuamini, kujiona salama, na urahisi wa kuipata huduma. Kiunzi hicho ni muhimu, lakini katika muktadha huu kinahitaji kuongezewa mwelekeo wa wakati, yaani mfuatano wa sauti ambazo mtu amezisikia na chanjo ambazo mwili wake umezipokea. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, kundi la miaka 50 hadi 59 litenganishwe na la miaka 60 na zaidi, na ikiwezekana la pili ligawanywe tena kulingana na kumbukumbu ya ndui.

Pili, maneno ya dodoso yapimwe. Swali "Je, una imani na chanjo?" lina tatizo, kwa kuwa "imani" katika Kiswahili hubeba maana ya kuamini kwamba kitu ni salama na pia maana ya dini. Msailiwa anaweza kujibu kuhusu Mungu wakati mtafiti anahesabu jibu hilo kuwa ni kuhusu sindano. Ni salama zaidi kuuliza: "Nani alikwambia habari za chanjo, na kwa nini ulimsadiki au hukumsadiki?"

Tatu, usaili uanze na chanjo ya kwanza ambayo mzee anaikumbuka. Swali kuhusu kovu mkononi humrudisha kwenye nafasi ya mjuzi, naye husimulia. Likianza swali la kwa nini hakuchanja, hujiona yuko barazani anashitakiwa, na majibu yake huwa ya kujitetea.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mzee wa Tanzania Bara aliipokea chanjo ya UVIKO-19 kupitia kumbukumbu ya ndui, kupitia kauli rasmi zilizokinzana ndani ya nusu mwaka, na kupitia ridhaa iliyoshirikisha familia na adabu ya ukarimu. Wapo waliochanjwa wakiwa na shaka, na wapo waliokataa wakiwa na hoja. Takwimu za dozi zinawaweka wa kwanza upande wa mafanikio na wa pili upande wa ujinga, na hivyo zinapoteza habari ambayo itahitajika janga lingine litakapokuja. Wazee wa miaka 80 waliobaki ni miongoni mwa watu wa mwisho wanaoweza kulinganisha kampeni ya ndui na ya UVIKO-19 kwa uzoefu wa miili yao wenyewe. Kukusanya masimulizi yao ni kazi isiyoweza kuahirishwa.