Je, Wajua? Shamba la Babu Yako Lina Picha Tangu 1972

Je, wajua kwamba shamba la babu yako, liwe Mbeya au Kitui, huenda limekuwa likipigwa picha kutoka angani kwa zaidi ya nusu karne? Setilaiti ya kwanza ya Landsat, mali ya serikali ya Marekani, ilirushwa Julai 1972. Wadogo zake wa leo, Landsat 8 na Landsat 9, kila mmoja hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku 16.

Picha hizo zamani ziliuzwa. Miaka ya 1980 biashara hiyo ilipokabidhiwa kampuni binafsi, picha moja ilifika dola 4,400. Baadaye serikali iliishusha bei hadi dola 600, na bado wateja walikuwa wa kuhesabika: mwaka 2001, uliovunja rekodi ya mauzo, zilitoka wastani wa picha 53 kwa siku. Mwaka 2008 ghala likafunguliwa bure, na punde zikawa zinachukuliwa maelfu kila siku. Mwaka 2013 Matthew Hansen wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzake wakatoa ramani ya misitu ya dunia nzima, iliyotokana na picha 654,178. Zidisha kwa dola 600 uone: zaidi ya dola milioni 392! Chuo gani kingelipa?

Lakini bure peke yake haitoshi. Taarifa ya takwimu iliyopigwa skana na kupandishwa mtandaoni ni sawa na bidhaa za dukani nyuma ya nondo: unaziona, huzishiki. Kompyuta haioni namba pale, inaona picha ya karatasi, na anayetaka kujumlisha safu moja mara nyingi itambidi ainakili kwa mkono. Takwimu huria hasa ni jedwali linalofunguka, lenye ruhusa ya wazi ya kulitumia upya.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kujaribu. Tarehe 8 Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya takwimu huria za serikali, zikiwemo za sensa ya 2009, baada ya Bitange Ndemo, katibu wa wizara ya habari na mawasiliano, kulisukuma jambo hilo kwa bidii. Uzinduzi una ngoma na hotuba. Kuleta jedwali jipya kila mwaka hakuna anayekupigia makofi.

Na takwimu huria zina faida gani? Tazama New York. Mwaka 2014 mchambuzi wa takwimu Ben Wellington alichambua takwimu huria za faini za maegesho, akagundua bomba za zimamoto katika mtaa wa Forsyth zilizokuwa zikiingiza pesa kupita kiasi kwa faini za walioegesha kando yake. Kumbe barabara pale ilichorwa kama maegesho halali, na madereva waliegesha kwa nia njema wakakuta faini kiooni. Aliandika hayo mtandaoni, na idara ya barabara ikaja na rangi kuichora upya.