Feni ya Kompyuta Inapochoka: Dalili, Vipimo na Haki za Mlaji

Miongoni mwa hitilafu za kompyuta zinazowatoa walaji fedha zisizostahili kulipwa, kuchoka kwa feni ya kupoza ni mojawapo ya zile zilizo rahisi kutambulika, na bado hutambuliwa vibaya mara kwa mara. Kompyuta inajizima katikati ya kazi. Mwenyewe anadhani ni kirusi. Fundi anafuta mfumo endeshi na kuuweka upya, kazi ambayo mitaani huitwa "kupiga window". Picha na nyaraka zisizo na nakala zinapotea. Na baada ya wiki moja kompyuta inajizima tena. Wakati mwingine mlaji huelezwa kwamba ubao mama, ule ambao mafundi huuita mazabodi, umeungua, na kwamba ni nafuu kununua kompyuta nyingine. Feni, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ubao mama, haikuguswa wala kutazamwa.

Prosesa inapofanya kazi hutoa joto. Juu yake hukaa kipande cha shaba au aluminiamu chenye mabamba membamba mengi, na feni hupitisha hewa kati ya mabamba hayo ili kulitoa joto nje ya kasha. Katika kompyuta mpakato, joto husafirishwa kwanza na mrija bapa wa shaba hadi ukingoni, karibu na matundu ya hewa. Prosesa nyingi za kompyuta za nyumbani zimewekewa kikomo kilicho karibu na nyuzi joto 100 za Selisiasi. Zinapokaribia kikomo hicho hujipunguzia kasi zenyewe. Joto likiendelea kupanda, kompyuta hujizima ghafla, bila kuaga. Kwa hiyo kujizima huko ni kinga iliyowekwa na mtengenezaji. Anayeiwasha tena na tena bila kutafuta chanzo ndiye anayekifupisha kipuri maisha yake.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni mpangilio wa saa. Hitilafu ya joto hufuata muda na uzito wa kazi: kompyuta iliyopoa usiku kucha huwaka vizuri asubuhi, huanza kuwa nzito baada ya dakika kadhaa, huzidi kuelemewa inapofungua video au mchezo, kisha hujizima, ukiiwasha papo hapo, safari hii hudumu kwa muda mfupi zaidi. Kompyuta inayozimika sekunde mbili tatu baada ya kuwashwa ilhali ni baridi kwa kawaida ina tatizo la umeme. Na kompyuta mpakato inayozimika pale tu chaja inapochomolewa ina betri iliyochoka, wala feni haihusiki.

Sauti nayo husema mengi. Feni iliyokaukiwa mafuta kwenye beringi hukwaruza au kunguruma wakati wa kuwashwa, kisha hutulia ikishapata joto. Hiyo ni dalili ya mapema, na mwenye kuisikia ana nafasi ya kununua feni nyingine kabla hajalazimika. Mlio wa tak-tak-tak unaofuatana kwa usawa na kubadilika kasi pamoja na feni aghalabu ni waya uliogusa mapanga, au panga lililovunjika. Lakini mlio wa kugonga usio na mpangilio, unaoambatana na mafaili kuchelewa kufunguka, waweza kuwa wa diski kuu inayokufa. Huo ni msiba mkubwa kuliko wa feni: nakili nyaraka zako siku hiyohiyo, mengine yafuate.

Ukimya kamili haupaswi kufasiriwa haraka. Baadhi ya kompyuta zimeundwa ili feni isimame kabisa kunapokuwa na ubaridi wa kutosha. Ipe kompyuta kazi nzito kwa dakika kumi, kisha weka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa, au shikilia mbele yake kipande chembamba cha karatasi laini. Hewa ya moto inayotoka kwa nguvu maana yake feni na mkondo wa hewa ni vizima. Kasha likiwa la moto na karatasi haitikisiki, feni imesimama. Hali ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi: feni inavuma kwa sauti kubwa, hewa inayotoka ni haba, na kompyuta inachemka. Hapo feni haina kosa. Vumbi limeziba mabamba mithili ya blanketi, na kubadilisha feni ni kutupa fedha.

Kompyuta nyingi hutoa pia ushahidi wa maandishi. Ujumbe unaosema "CPU Fan Error" au "Fan Error" wakati wa kuwasha maana yake ubao mama haupokei hesabu ya mizunguko kutoka kwenye feni. Katika kompyuta nyingi za mezani, ukibonyeza kitufe cha F2 au Delete mara tu baada ya kuwasha, utaingia kwenye mipangilio ya msingi, ambako huonyeshwa joto la prosesa na mizunguko ya feni kwa dakika. Sifuri inayobaki sifuri huku joto likipanda haihitaji mfasiri. Piga picha ya ukurasa huo kwa simu. Itakufaa mbele ya fundi.

Anayetaka kwenda hatua moja zaidi kwenye kompyuta ya mezani azime, achomoe plagi ukutani, abonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache, na aguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Feni nzima ikisukumwa kwa kidole huzunguka kwa wepesi na kusimama polepole. Iliyokufa beringi ni nzito, au hucheza kushoto na kulia kwenye mhimili wake. Feni ikizunguka vizuri kwa kidole lakini haizunguki kwa umeme, ihamishiwe kwenye tundu jingine la feni la ubao mama. Ikizunguka huko, kasoro iko kwenye tundu la kwanza. Isipozunguka, feni ndiyo mbovu. Kipimo hiki huchukua dakika tano, na fundi anayedai mazabodi imeungua kwa sababu ya joto angepaswa kuwa amekifanya.

Sanduku la chuma linalopokea waya wa umeme wa ukutani lina feni yake, na hilo lisifunguliwe nyumbani kwa hali yoyote. Ndani yake mna vihifadhi chaji vinavyobaki na umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Feni yake ikigoma, sanduku lote hubadilishwa.

Vumbi huondolewa kwa brashi laini na kipulizio, huku mapanga yakishikiliwa kwa kidole yasizunguke, kwa kuwa kuzungushwa kwa kasi kupita kiasi huharibu beringi. Usipulize kwa mdomo. Mate ni unyevu. Mara ngapi? Inategemea unapoishi. Dodoma na Shinyanga vumbi jekundu hujaza mabamba upesi. Tanga, Dar es Salaam na Unguja kuna hewa ya chumvi na, wakati wa kaskazi, joto la mchana linalopita nyuzi 30, kiasi kwamba feni huanza kazi ikiwa tayari nyuma. Kompyuta mpakato isitumiwe juu ya godoro au mto, maana matundu ya kuvutia hewa mara nyingi yako chini yake.

Ikibidi kununua feni, nenda na ile ya zamani. Kibandiko chake huonyesha volti: za kompyuta za mezani kwa kawaida ni 12, za mpakato nyingi ni 5. Vipimo, idadi ya nyaya na umbo la plagi lazima vilingane. Endapo fundi atainua kipande cha shaba kilicho juu ya prosesa, ile dawa nzito ya kupitishia joto iliyo kati yao ifutwe na ipakwe mpya. Akirudisha bila kuipaka, joto litarudi hata kama feni ni mpya.

Kompyuta ikiwa bado ndani ya muda wa dhamana, usiifungue. Irejeshe kwa muuzaji pamoja na risiti. Ikienda kwa fundi, tenga nakala ya nyaraka kwanza, elewaneni kwamba hatafuta chochote bila idhini yako, na kubalianeni gharama ya uchunguzi kabla hajashika bisibisi. Dai risiti inayotaja kipuri kilichowekwa, na urudishiwe kilichotolewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na kuuziwa ubao mama usiohitajika kwa maelezo ya uongo ni upotoshaji. Lalamiko lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi. Asipolishughulikia, liwasilishwe Tume ya Ushindani pamoja na risiti, picha ya ule ukurasa wa joto na mizunguko, na feni yenyewe.